Nilivyompeleka Fundi Kwenye Darasa la Taipu

Marahaba, marahaba. Na wewe uliyesema "mambo vipi Bibi" nimekusikia pia, lakini kwa kuwa umekuja na fomu mkononi nimekusamehe. Kaeni. Mkeka unatosha, na mwenye suruali ya kubana avumilie.

Kila mwaka matokeo yakitoka, watoto wa Magomeni mnakuja hapa kibarazani kwangu na swali lile lile: nichague masomo gani? Nami hufurahi. Mwalimu mstaafu asiyeulizwa kitu huishia kuwasahihishia majirani Kiswahili, nao majirani hawapendi. Basi kabla hamjanionyesha hizo fomu, nisikilizeni kwanza. Nitawaeleza jinsi nilivyokosea, kwa sababu nilipopatia mnapaona wenyewe. Wanafunzi wangu wa zamani wanapita na magari yao hapo barabarani wakinipungia mkono.

Kwa miaka mingi nilifundisha Jiografia katika shule moja ya sekondari ya kutwa huko mjini, jirani na Kariakoo. Asubuhi nilikuwa na ramani zangu, mchana nilikuwa na kazi ya kuwachagulisha watoto masomo. Wanafunzi waliniita Mama Fomu. Walidhani silijui hilo jina.

Msifikiri niliteuliwa kwa kipaji. Niliteuliwa kwa sukari. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na sukari ikifika duka la ushirika habari hukimbia kuliko moto. Siku hiyo tulikuwa na kikao cha walimu. Nikaona dirishani watu wanapita na vikapu, mwendo wa haraka, hawasalimiani. Nikajua. Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani, nikapitiliza hadi kwenye foleni. Niliporudi na kilo yangu moja ndani ya mkoba, kikao kimekwisha na mkuu wa shule ananisubiri mlangoni.

"Hongera, Ndugu Filomena. Wenzako wamekuchagua kwa kauli moja."

"Kuwa nani, Mkuu?"

"Mshauri wa uchaguzi wa masomo."

Kumbe kila aliyekuwepo alikataa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtu wa kuja kutoka Masasi, hata papai la kununua sokoni nilikuwa nachaguliwa na muuzaji. Sasa niwachagulie watoto maisha!

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwisho wa Kidato cha Pili kila mwanafunzi anajaza karatasi. Kuna wanaoendelea na Fizikia na Kemia, kuna wanaokwenda Biashara na kupiga taipu, kuna wanaobaki na Historia na lugha. Inaonekana jambo dogo. Lakini mtoto akiiacha Fizikia pale, akiwa na miaka kumi na sita, chuo cha ufundi hakimpokei tena, hata aje alie na mzazi wake. Ule ni mlango usio na kitasa upande wa nje. Na mimi ndiye niliyepewa kuusimamia, kisa sukari.

Nikajitungia utaratibu. Nilikuwa na daftari kubwa jeusi, na kila mtoto ana ukurasa wake. Naandika alama zake, mwandiko wake ukoje, na usafi wake ukoje. Mwenye mwandiko mzuri naona huyu wa ofisini. Mwenye kelele naona huyu mwanasheria. Nilijiona mtaalamu.

Mwalimu mmoja tu alinicheka waziwazi, naye ni Mwalimu Elinami, mtu wa Kilimanjaro, aliyefundisha Fizikia na Hisabati tangu mimi sijaanza shule. Alivaa sweta hata mwezi wa pili, jasho likimtiririka, akidai kwamba mwili ukizoea joto unakuwa mvivu. Alichungulia daftari langu, akalifunga taratibu.

"Filomena, mtoto ukimuuliza anataka kuwa nani, atakutajia mtu aliyemwona amevaa vizuri. Muulize jana alipotoka shule alifanya nini."

Niliyaandika maneno yale kwenye jalada la daftari, nikayapigia mstari. Kisha sikuyafuata. Watoto walikuwa mia na zaidi, na swali lile lilitaka muda. Alama zilikuwa zimeshaandikwa, ni kuzisoma tu.

Mwaka ule ule nikaanza kuvuna nilichopanda. Kijana mmoja, Dominiki, aliandika kwamba anataka udaktari. Alama zake nzuri, mwandiko wake mbaya kama wa daktari kabisa, nikasema huyu tayari. Siku moja nikawapeleka wanafunzi watano kutembelea hospitali. Muuguzi akamchoma mtoto sindano mbele yetu. Mtoto wa watu hata hakulia. Tuliyesikia ameanguka puu ni Dominiki, kaondoka na beseni la vyombo. Akalazwa yeye. Alipozinduka nikamuuliza taratibu, "Hivi ulitaka udaktari kwa nini?" Akasema kule kwao kuna daktari mwenye pikipiki nyekundu. Nikambana kidogo, ikaonekana kwamba ile pikipiki ndiyo iliyomvutia muda wote, daktari alikuwa amekaa juu yake tu. Baadaye alifungua karakana ya pikipiki Ilala, na sindano hataki kuisikia hadi leo.

Ndiyo maana nawaambia, kazi ina harufu. Kabla hujaiandika kwenye fomu, nenda ukainuse. Wino una harufu, damu ina harufu, hata faili zina harufu. Kama pua yako imekataa, usiilazimishe kwa sababu ya mjomba.

Sasa niwaambie kosa lenyewe.

Kulikuwa na binti aliyeitwa Zuhura Kibwana. Mrefu, mkimya, wa kukaa benchi la nyuma. Kila Jumatatu kwenye ukaguzi wa usafi, vidole vyake vilikuwa vyeusi. Masizi yameingia hadi ndani ya kucha. Nilimpeleka bombani mara nisizokumbuka idadi.

"Kwenu hakuna sabuni?" niliwahi kumuuliza mbele ya mstari mzima. Swali la kijinga, kwa sababu miaka ile sabuni haikuwa kwao wala kwetu.

"Ipo, Mwalimu," alijibu. Akanawa, akarudi na vidole vile vile, ila vimelowa.

Siku ya kujaza karatasi akaja mezani kwangu. Nikaangalia alama. Fizikia alikuwa na sabini na nane, ya pili darasani. Lakini kwenye karatasi alikuwa ameandika Biashara.

"Fizikia huipendi?"

Akavificha vidole nyuma. "Biashara inatosha, Mwalimu."

Ninyi mmecheka, mmeshaona kuna kitu. Mimi sikuona. Nilikuwa na watoto wengine thelathini mlangoni. Nikamwona tayari ni katibu muhtasi, amekaa ofisini chini ya feni, ana viatu vya kisigino. Nikamwambia, "Umechagua vyema. Angalau vidole vitatakata." Akatabasamu kwa adabu, akatoka. Na mimi nikaandika kwenye daftari: *Anafaa ofisini. Aongeze usafi.* Nikiikumbuka sentensi hiyo natamani ningelimeza lile daftari, jalada na vyote.

Mwezi wa kwanza ukaingia, darasa la taipu likaanza. Mwalimu wa taipu alikuwa Bi Salome, mama mkali, mwenye rula ndefu. Wiki ya pili akanifuata ofisini amevimba.

"Filomena, huyu binti wako Zuhura hapigi taipu. Anafungua mashine."

"Anafungua vipi?"

"Kwa pini ya nywele!"

Kumbe mashine namba tisa ilikuwa na herufi moja mbovu tangu zamani, nayo ni a. Jaribuni kuandika Kiswahili bila a. Hata jina la nchi linabaki mifupa: Tnzni. Barua zote zilizopigwa kwa mashine ile zilikuwa zinajazwa a kwa kalamu. Zuhura alikalishwa hapo, akavumilia siku tatu, ya nne akaifumua. Bi Salome alipofika akakuta mashine imerudishwa na a inaruka kama panzi.

"Sasa sijui nimchape au nimshukuru," akasema.

Na mimi nilifanya nini, mshauri wa uchaguzi? Nilimwita Zuhura nikamwambia akae kwa utulivu na asiguse mali ya shule. Ndiyo. Mtu anaweza kuonyeshwa kitu mara tatu asikione, huku amevaa miwani.

Jumamosi ile stovu yangu ikakata roho. Mnaijua stovu? Jiko la mafuta ya taa, unalipiga pampu, linavuma kama lori linalopanda mlima. Yangu ilikohoa mara mbili, ikazima, chai haijachemka. Jirani akaniambia, "Peleka Mtaa wa Sikukuu kwa Mzee Kibwana, mtu wa Kilwa. Anatibu hata yaliyokwisha kuzikwa." Jina nililisikia lakini sikulifikiria. Akina Kibwana mjini wamejaa.

Nikamkuta mzee amekaa barazani, majiko yamemzunguka kama watoto wa madrasa. Nyuma yake kulikuwa na mlango uliofunikwa kwa khanga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lipige pampu nimsikie mgonjwa."

Nikapiga. Hakulitazama jiko. Alitega sikio, akaligonga ubavuni kwa kidole, akalipapasa shingo.

"Linapumulia puani hili. Ngozi ya pampu imekauka. Subiri." Akalipitisha nyuma ya khanga, mtu akalipokea.

"Kuna nani huko nyuma?" nikauliza.

"Mambo ya fundi, mwanangu. Hata hospitali ina chumba cha ndani."

Nikakaa kwenye kigoda. Mara nikasikia sauti ndogo kutoka kule ndani. "Baba, siyo ngozi peke yake. Tundu nalo limeziba nusu. Huyu mwenye jiko anatumia mafuta machafu."

Sauti niliijua, lakini hasira iliwahi kufika kuliko akili. Nikainuka, nikafungua khanga. "Mafuta yangu siyo machafu!"

Zuhura alikuwa amekaa chini, stovu yangu imefunguliwa mapajani mwake kila kipande mahali pake, pini mdomoni. Akaitoa pini.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mzee Kibwana akageuka ghafla. "Mwalimu?" Uso wake ukanielekea, lakini si mimi hasa, ulielekea nguzo iliyokuwa kushoto kwangu. Hapo ndipo nilipoyaona macho yake. Yalikuwa na ukungu mweupe, yote mawili.

Mzee akashusha sauti, barabarani watu wanapita. "Mwanangu Mwalimu, nakuomba. Wateja wakijua fundi haoni, wataondoka. Wakijua fundi ni binti wa miaka kumi na sita, wataondoka mbio."

Nikachuchumaa pale chini karibu na Zuhura. Na ndipo, baada ya daftari zima na kijitabia changu cha kukagua kucha, nikamuuliza lile swali la Mwalimu Elinami.

"Jana ulipotoka shule ulifanya nini?"

"Majiko manne, Mwalimu. Na kandili moja."

"Na juzi?"

"Majiko sita."

"Sasa Fizikia uliiacha kwa nini?"

Akatazama mikono yake. "Fizikia ina vitendo maabara mpaka saa kumi na moja, siku tatu kwa wiki. Biashara inatoka saa nane."

Basi. Hakuchagua somo yule mtoto. Alichagua saa ya kutoka. Na karatasi yangu haikuwa na nafasi ya kuandika jambo kama hilo.

"Hukuniambia," mzee akasema. Alikuwa anaongea na binti yake sasa.

"Ungesema niache majiko, Baba. Halafu tungeishije?"

Mzee alipokea stovu yangu ikiwa imefungwa, akanikabidhi, akageuka na kuanza kupanga bisibisi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Nilirudi nyumbani nimebeba jiko kichwani, napita katikati ya soko sisikii kelele. Masizi niliyokuwa nayaadhibu kila Jumatatu ndiyo yaliyochemshia chai nusu ya mitaa ile. Na chai yangu mimi pia.

Jumatatu asubuhi nikamweleza Mwalimu Elinami. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akavua sweta. Nilikuwa sijawahi kumwona akivua sweta, nikajua jambo ni zito.

"Darasani kwangu nitamkalisha hata juu ya kabati," akasema. "Lakini saa, Filomena. Saa ndiyo shida. Na orodha inakwenda mkoani Ijumaa."

Orodha ya majina na masomo ikishafika ofisi ya elimu ya mkoa ilikuwa imeganda, haibadilishwi tena. Nikaenda kwa mkuu wa shule. Alikuwa mtu mwema, aliyependa kuhutubia hata watu wawili.

"Ndugu Filomena, stensili ya kuchapia orodha imeshakatwa. Kila mtoto akibadilisha mawazo, taifa litajengwa lini?"

"Hajabadilisha mawazo, Mkuu. Mimi ndiye niliyekosea. Sikumuuliza."

Wajukuu zangu, kuna sentensi nzito kuliko gunia la chumvi, nayo ni hiyo: mimi ndiye niliyekosea. Lakini ukiibeba mapema inakuwa na kilo chache. Ukiiacha mpaka Ijumaa, hutaiinua.

Mkuu akapumua, akatazama nje ya dirisha. Huko kulikuwa na banda la kuku. Tupu. Kila shule ilitakiwa kuwa na mradi wa kujitegemea, na wetu ulikuwa kuku, mpaka ugonjwa wa kideri ulipopita na kuwafagia wote wiki moja. Wakaguzi walikuwa wanakuja.

"Na hili banda," akasema kwa huzuni, kama vile mimi ndiye niliyewaua. "Tutawaandikia wakaguzi nini?"

Sijui wazo lilitoka wapi. Labda lilitoka kwenye ile aibu yangu. "Tuandike majiko, Mkuu."

"Majiko?"

Nikamweleza nikiwa bado nafikiria. Mtaa mzima unapikia mafuta ya taa, na vipuri havipatikani. Kuna fundi Mtaa wa Sikukuu. Awe anakuja na majiko ya wateja wake alasiri za kazi za kujitegemea, afundishe kikundi, majiko yatengenezwe hapa hapa chini ya mkono wake, naye ujira wake aupate kama kawaida. Zuhura atakuwa anafanya kazi ya baba yake na kazi ya shule kwa wakati mmoja.

"Huyo fundi ana cheti?"

"Ana masikio, Mkuu."

Alinitazama sana. Kisha akatazama tena banda. Banda ndilo lililonisaidia.

Kilichobaki ni mzee mwenyewe, naye alikuwa mgumu kuliko ofisi. Tulikwenda jioni ile mimi na Mwalimu Elinami.

"Mimi niliishia darasa la pili," Mzee Kibwana akasema. "Leo nikasimame mbele ya watoto wa sekondari, wanitazame ninavyopapasa?"

Nilikuwa na maneno mengi tayari, Mwalimu Elinami akanikanyaga mguu. Akavuta kigoda karibu.

"Mzee mwenzangu, mimi nafundisha mgandamizo wa hewa kwa chaki. Miaka yote hiyo. Nachora mshale, nachora mshale mwingine. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuigusa hewa yenyewe. Wewe unaishika kila siku kwenye hiyo pampu. Sikuja kukusaidia. Nimekuja unisaidie."

Mzee akageuza pampu moja mkononi, akaizungusha. Muda ukapita, muuza kahawa akapita na kengele zake, akarudi.

"Zuhura," akaita bila kugeuka. "Wewe unataka?"

Nyuma ya khanga tukasikia, "Nataka, Baba."

"Hujawahi kuniambia unataka kitu."

"Ndiyo nakwambia sasa."

Mzee akaiweka pampu chini. "Basi Mwalimu, nitakuja. Ila watoto waje na matambara yao. Mimi sigawi matambara."

Stensili niliikata upya mwenyewe, kwa mashine namba tisa, kidole kimoja kimoja, na Bi Salome nyuma yangu ananung'unika kwa kila kosa. Orodha ilikwenda Ijumaa. Mwalimu Elinami akahamisha siku moja ya vitendo ikawa Jumamosi asubuhi, akalalamika mwaka mzima kwamba nimemnyang'anya chai yake ya mapumziko.

Somo la kwanza la Mzee Kibwana sitalisahau. Watoto ishirini wamezunguka meza, majiko yamepangwa. Mzee akasema, "Fumbeni macho wote." Wakacheka. "Nimesema fumbeni. Macho yanadanganya. Jiko linang'aa nje, ndani limeoza. Shika. Sikiliza. Nusa." Wakafumba. Wakapapasa pampu, wakagusa ngozi iliyokauka, wakailainisha kwa mafuta ya nazi, macho yamefungwa. Wale watoto walidhani ni mbinu ya ualimu. Shuleni pale tuliojua ukweli wa macho yake tulikuwa wanne, yeye mwenyewe akiwemo, na hakuna aliyewahi kuutamka. Mkuu wa shule alipokuja na wakaguzi akataka naye kuonyesha ujuzi, akapiga pampu kwa nguvu za hotuba, jiko likamtemea masizi usoni. Aliendelea kuhutubia hivyo hivyo.

Msidhani hapo mambo yakanyooka. Zuhura alikuwa ameikosa Fizikia karibu mwezi mzima. Jaribio la kwanza alipata thelathini na moja. Akanifuata ofisini, karatasi imekunjwa.

"Mwalimu, nirudishe kwenye taipu. Mikono yangu inajua, kichwa hakijui."

Ningekuwa yule wa zamani ningefungua daftari. Nikampeleka kwa Mwalimu Elinami. Yeye akaweka stovu mezani, akakaa, akafunga mikono.

"Nieleze mimi mjinga. Ukipiga pampu, mafuta yanapanda kwa nini?"

Zuhura akaanza taratibu. Kisha akasahau kwamba amehuzunika. Alieleza hewa inavyobanwa, inavyosukuma, mafuta yanavyokosa pa kwenda isipokuwa juu, yanavyopata moto na kugeuka mvuke. Alieleza robo saa nzima akitumia mikono.

"Sasa chukua kalamu," Mwalimu Elinami akasema, "uandike hayo hayo. Usiongeze chochote cha kwangu."

Jaribio lililofuata alipata hamsini na tano. Hakuwa wa kwanza tena. Darasa lile lilikuwa na vijana wakali, na yeye jioni alikuwa na majiko. Lakini alikwenda nalo, hatua kwa hatua, hadi Kidato cha Nne, na kwenye karatasi ya uchaguzi akaandika chuo cha ufundi, mitambo, chaguo la kwanza. Hakuandika la pili. Nilimgombeza kwa hilo. Msifanye hivyo ninyi. Jazeni nafasi zote.

Daftari langu jeusi nalo lilibadilika. Niliacha safu ya usafi. Kila Januari nilivaa viatu vya kutembea nikapita majumbani, Gerezani, Ilala, Magomeni hapa hapa, nikikaa kwenye vigoda na kuuliza mtoto akitoka shule anafanya nini. Nilikunywa chai nyingi mno. Niliendelea kukosea pia. Kuna mmoja nilimpeleka kilimo, kumbe anaogopa jongoo. Lakini sikukosea tena kwa kutouliza. Siku hizi mnajaza kwenye mtandao, na huo mtandao unajua alama zenu zote. Ila haujui jana mlifanya nini. Hilo mtalileta ninyi.

Siku majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa, ukuta wa ofisi ya elimu ulikuwa umezingirwa. Zuhura hakuja. Alisema ana jiko la mtu, lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Mimi nikampitia Mzee Kibwana, nikamshika mkono kutoka Mtaa wa Sikukuu, tukaenda polepole. Wakati huo alikuwa haoni kabisa, na mtaa ulikwisha kujua, na wateja hawakuondoka.

Tukajipenyeza hadi mbele. Nikatafuta karatasi ya chuo cha ufundi. Nikashuka na majina, wanaume, wanaume, wanaume. Karibu na mwisho nikasimama.

"Yupo, Mzee."

"Soma."

Nikasoma. Jina lake, la baba yake, na jina la shule.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Niwekee kidole changu hapo."

Nikamshika kidole cha shahada, nikakiweka juu ya jina. Akakiacha pale. Kisha akakisogeza kidogo kidogo, kutoka mwanzo wa jina la binti hadi mwisho wa lake yeye, akarudi mwanzo, akaanza upya. Watu nyuma yetu wakaanza kusukumana. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mzee, ondoa mkono bwana, na sisi tusome!"

Mzee Kibwana hakugeuka. "Ngojeni kidogo, wanangu," akasema. "Nasoma."